Dume wa kambale hana mbegu? Usikimbilie dawa ya sato

Vijana wanaototolesha vifaranga wenyewe wananiuliza sana: "Afisa, dume wangu hana mbegu za kutosha, nimchanganyie kwenye chakula ile dawa ya kugeuza sato?" Jibu langu ni hapana. Twende taratibu.

Ndani ya korodani za kambale kuna vijifuko ambamo mbegu zinakulia, na katikati ya vijifuko hivyo zipo seli za Leydig. Hicho ndicho kiwanda. Zikipata amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, zinachukua kolesteroli na kuibadilisha hatua kwa hatua kuwa homoni za steroidi. Kwa binadamu homoni kuu ya kiume ni testosteroni. Kwa samaki wengi, kambale akiwemo, kinara ni 11-ketotestosteroni. Tena kambale ana mambo yake: korodani hutoa zaidi malighafi, kisha sehemu kubwa ya kazi humaliziwa nje yake, ini likiwemo.

Sasa shika hapa. Kwa kambale dume wachanga, watafiti waliona 11-ketotestosteroni ikisukuma mbegu zikue, lakini walipoongeza testosteroni, ukuaji ule ukazuiwa. Kumbe siyo kila homoni ya kiume inasaidia! Dawa ya sato ni methiltestosteroni, na kazi yake ni kwa vifaranga wadogo sana ambao jinsia haijatulia. Dume mzima ukimlisha hiyo unatupa hela.

Pembeni ya korodani utaona vitu kama vidole vidole. Hivyo ni vifuko vya shahawa, navyo vinatengeneza steroidi zinazotoka majini kumvuta jike. Usivichanganye na korodani.

Kwa kuwa dume wa kambale hakamuliki kama jike, wengi wetu tunamchinja, kwa hiyo ukikosea kuchagua umepoteza samaki na mayai ya siku hiyo. Chukua aliyefikisha mwaka, mwenye kijiuume kirefu kilichochongoka. Mtunze kwenye maji safi bila kubanana, maana msongo wa muda mrefu hupandisha kotisoli na kudhoofisha kazi ya korodani. Ukipasua, korodani nene zenye rangi ya maziwa ndizo zenyewe. Nyembamba kama uzi, zinazopitisha mwanga, bado changa. Zifute kwa tishu kavu kabla ya kuzikata, kwani mbegu zikiguswa na maji zinaamka papo hapo, na baada ya dakika moja hivi nguvu imekwisha.