Sikio Likiuma, Tazama na Pua

Mtoto huanza na mafua. Baada ya siku chache hulia usiku huku akivuta sikio, na jamaa huleta mafuta ya uvuguvugu, maziwa ya mama au maji ya kitunguu saumu wamtilie. Tafadhali, msitie kitu. Ugonjwa uko nyuma ya kiwambo cha sikio, na mara nyingi umepitia puani.

Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda hadi sikio la kati, uitwao mrija wa Eustachi. Kwa mtu mzima una urefu wa milimita 35 hivi. Muda mwingi umejifunga. Tukimeza mate au kupiga miayo hufunguka, hewa ikapita. Ule mlio mdogo unaousikia masikioni ukimeza mate ndio huo.

Mafua, mzio au uvimbe wa sainasi, yaani zile nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso, huvimbisha utando wa pua, na mdomo wa mrija nao huziba. Hewa iliyobaki ndani hunyonywa na mwili, kiwambo huvutwa ndani, majimaji hujaa. Mgonjwa husema masikio yameziba na sauti yake inavuma kichwani. Vijidudu vikipanda huko, majimaji hugeuka usaha, homa hupanda, na kiwambo huweza kutoboka.

Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi, karibu nusu ya ule wa mtu mzima, tena umelala. Kwa hiyo asinyweshwe chupa akiwa chali, na asikae penye moshi wa sigara au wa jiko. Mnyonyeshe, umpeleke pia chanjo ya nimonia.

Majimaji yasiyo na maumivu ndiyo yanayotudanganya. Mtoto huitwa mara mbili asiitike, huongeza sauti ya televisheni, shuleni huambiwa mkaidi. Msimchape, mpelekeni akapimwe. Mara nyingi majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yakizidi hapo, usikivu wake upimwe.

Pua iliyoziba isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai, bapa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kamasi zipengwe taratibu, tundu moja moja. Dawa za dukani za kuzibua pua asipewe mtoto mdogo bila ushauri wa daktari, na mtu mzima asizidishe siku tano, kwani pua huziba zaidi.

Sikio likitoa usaha, sokota kitambaa safi kikavu, kiweke mpaka kilowe, ubadilishe hadi sikio likauke, mara tatu kwa siku. Usilizibe kwa pamba, mtoto asiogelee, na aonwe na mganga kituoni. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, shingo kukakamaa au uso kupinda ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe mtu mzima, sikio la upande mmoja likiziba wiki kadhaa bila mafua, usivumilie. Huenda kuna uvimbe nyuma ya pua, pengine saratani. Nenda ukachunguzwe mapema.