Usiondoke Kaunta Bila Namba

Wadogo zangu wa Mbagala, Tandale, Bunju na kote mnakonisoma, ujumbe uliojaa kwenye simu yangu mwezi huu si wa mapenzi, ni wa polisi. Mmoja kaka yake kagongwa na bodaboda pale Rangi Tatu, bima inadai karatasi. Mwingine kavunjiwa chumba Manzese na kila akienda kituoni anaambiwa mhusika hayupo. Akina mama wa kikoba kimoja cha Tegeta wanataka kujua nyumba za mtaa wao zimevunjwa mara ngapi mwaka huu, maana kila mmoja ana hesabu yake na zote zinatisha. Nyote mnaniuliza kitu kimoja: kumbukumbu hizi zimeandikwa na watu wa Serikali, sasa mimi nazipataje?

Nimesoma maelezo yenu yote na nitawaambia bila kuzunguka. Mnafuatilia sana kwa miguu na kidogo mno kwa maandishi. Mtu anaenda kituoni, anasimama kaunta, anaongea kwa heshima, anaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu zamu imebadilika. Wiki inayofuata mpelelezi yuko safari. Mwezi unaisha, na hakuna hata alama moja mahali popote inayoonyesha kwamba huyu mtu aliwahi kufika. Halafu anasema, "Dada, nimefuatilia nimechoka." Mdogo wangu, umechoka kweli, ila hukuacha nyayo.

Tuanzie siku ya tukio. Ukifika kituoni, taarifa yako inaandikwa kwenye kitabu na wewe unapewa namba ya RB. Wengi mnaiona RB kama risiti tu, mnaikunja na kuitupa kwenye pochi pamoja na nauli. Namba ile ndiyo itakayotumika kukutafutia kila kitu baadaye. Ina herufi za kituo, namba ya taarifa na mwaka. Ipige picha hapo hapo, mtumie na mtu wa nyumbani. Andika tarehe, saa, na jina la askari aliyekuhudumia pamoja na cheo chake. Jalada likifunguliwa kwa upelelezi huwa linapata namba yake nyingine, ya IR, nayo iulize. Askari huhamishwa, leo yuko Temeke, kesho yuko Songea, na ukienda ukasema "nilihudumiwa na afande mmoja mrefu mweusi", utachekwa. Ukisema namba, hata mgeni aliyeripoti kazini jana anajua aanzie wapi.

Aliyeumizwa, kwa kupigwa au kwa ajali, anatakiwa kuwa na PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari. Haiuzwi. Mtu akiwa hali mbaya mkimbizeni hospitali kwanza, mwingine aende kituoni kuifuata fomu. Ikishajazwa, kabla hujairudisha polisi, toa kopi. Msiniambie eti ni ya polisi. Mwili ni wako. Na mjue karatasi hii ina uzito gani: Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 kwenye ushahidi mara nyingi kwa sababu tu hazikusomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa. Kesi nzito zimeyumba hapo. Kwa hiyo daktari akiandika mkwaruzo mahali penye mfupa uliovunjika, mwambie pale pale, kwa adabu, asahihishe.

Kwa mambo ya kupigwa na mume, kubakwa, au mtoto kufanyiwa ukatili, usisimulie kaunta mbele ya watu wanaosubiri dhamana za ndugu zao. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Vituo vikubwa, Oysterbay na Chang'ombe vikiwemo, vina madawati hayo, na utazungumza faraghani.

Sasa wa Rangi Tatu. Kampuni ya bima haitaki hadithi ya ajali, inataka fomu za trafiki: ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa chombo na mchoro wa eneo la ajali. Utasikia watu wa bima wakizitaja kwa namba, PF 90, PF 93, PF 115, kana kwamba sote tumesomea Chuo cha Polisi Kurasini. Usione aibu. Mwambie ofisa wa bima akuandikie kwenye karatasi orodha ya anachotaka, kisha ipeleke orodha hiyo kwa askari wa usalama barabarani aliyepima ajali. Nusu ya safari zenu za bure zinatokana na kuomba kitu ambacho wewe mwenyewe hujui jina lake.

Umeenda mara mbili tatu hujapata? Hapo acha kwenda, andika barua. Haihitaji wakili. Juu kulia anwani yako na namba ya simu, chini yake tarehe, kushoto "Mkuu wa Kituo" na jina la kituo. Kisha YAH: MAOMBI YA NAKALA YA TAARIFA YA AJALI YA TAREHE FULANI, RB NAMBA FULANI. Ndani sema wewe ni raia wa Tanzania, mkazi wa mtaa gani na kata gani, unaomba nini hasa, na unaomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Aya mbili zinatosha. Usiweke lawama, usiweke machozi, usimtaje afande aliyekukoromea. Hayo yana barua yake. Toa nakala mbili. Moja wapokee, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akikataa kugonga muhuri, muulize masijala iko wapi, au peleka kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Nakala yako yenye muhuri iheshimu kama cheti cha ndoa.

Kwa nini nasisitiza tarehe? Kwa sababu sheria hiyo inaipa taasisi siku 30 za kukujibu, na bila muhuri siku hizo hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Msingi wake ni Ibara ya 18 ya Katiba, inayotambua haki ya kutafuta na kupokea habari. Sheria inataka kila taasisi ya umma iwe na ofisa wa kushughulikia maombi haya, kwa hiyo kumuulizia si ujuaji. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo na ofisa ndiye anayetakiwa kumwandikia. Mama zetu waambieni.

Ila mjue mipaka, msije mkatunishiana misuli na polisi kwa jambo ambalo sheria imewapa wao. Wanaweza kukataa taarifa itakayovuruga upelelezi unaoendelea, itakayohatarisha maisha ya mtu, itakayoingilia faragha ya mwingine, au inayogusa usalama wa taifa. Maelezo ya shahidi dhidi ya kijana aliyekuvunjia chumba hutapewa wakati upelelezi unaendelea, na mimi nisingependa upewe, maana shahidi huyo huenda ni jirani yako wa kuta moja. Wewe wa Manzese usiombe jalada. Omba ujulishwe kwa maandishi hatua iliyofikiwa: jalada bado liko kwa mpelelezi, limepelekwa kwa waendesha mashtaka, au limefungwa, na kama limefungwa, kwa sababu gani. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikatalia.

Ukikataliwa, au siku zikipita kimya, sheria inakuruhusu kuomba mkuu wa taasisi apitie uamuzi, ndani ya siku 30. Asipokuridhisha, unakata rufaa kwa Waziri. Hapa nitasema langu: ngazi hii ni dhaifu. Anayesikiliza malalamiko juu ya Serikali ni Serikali hiyo hiyo. Wenzetu Kenya walitunga sheria yao mwaka huo huo wa 2016, wakaweka siku 21 za kujibu, saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika, na usimamizi wakaupa tume inayoshughulikia malalamiko ya utawala. Sisi tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo unaweza kuipelekea malalamiko kuhusu mwenendo wa ofisi ya umma, na kwa kawaida barua yenye nakala kwa tume hiyo husomwa kwa makini zaidi. Wanasheria wa msaada wapo pia, na wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kata yenu.

Dada wa Kimara kaniuliza barua aipeleke wapi, kwa kuwa manispaa yake ni Ubungo. Ramani ya polisi na ya manispaa hazifanani. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, lakini Kanda Maalum ya Dar es Salaam imezoeleka kwa mikoa mitatu ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Wewe anzia kituo kilichokupa RB, kisha panda ngazi ya kituo hicho. Usifuate manispaa inayokusanya ada yako ya taka.

Akina mama wa Tegeta, ninyi mna swali zuri kuliko wote, nami nawapenda kwa hilo. Hamtaki kesi ya mtu, mnataka hesabu ya mtaa. Anzeni na kilichokwisha kuchapishwa: Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wamekuwa wakitoa ripoti ya mwaka ya takwimu za uhalifu na matukio ya usalama barabarani, na humo Kinondoni, Ilala na Temeke zinaonekana kila moja peke yake. Haitafika hadi Tegeta mtaa kwa mtaa. Kwa hesabu ya mtaa, mwandikieni mkuu wa kituo kupitia polisi kata wenu, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, na ombeni idadi tu: matukio ya kuvunja nyumba yaliyoripotiwa, kwa mwezi, kuanzia Januari. Msiombe majina ya waathirika wala ya watuhumiwa. Majina yataangukia kwenye faragha, na tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Idadi haimdhuru mtu. Pitieni na daftari la mtendaji wa mtaa na la ulinzi shirikishi, kwa sababu wizi mwingi wa mitungi ya gesi na kuku hauvuki ofisi ya mtaa kwenda polisi kabisa.

Na mkishapewa hesabu hiyo, iwekeni kama ilivyo. Sheria inaadhibu kwa kifungo anayepotosha taarifa aliyopewa. Kwenye grupu la WhatsApp, saba isije ikawa sabini kwa sababu mtu alitaka watu washtuke.

Nyumba ikiungua, ripoti haiko polisi pekee. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoa taarifa ya tukio, ndiyo itakayoulizwa na bima au benki yenye mkopo wako, na namba yao ya dharura ni 114. Kesi ikishafika mahakamani, achana na kituo: omba nakala ya hukumu au ya mwenendo kwa karani wa mahakama iliyosikiliza, kwa namba ya kesi. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani nyingi ziko wazi mtandaoni kwenye TanzLII, bure, unasoma ukiwa kwenye mwendokasi. Aliyepoteza kitambulisho, laini au cheti siku hizi anaweza kuomba ripoti ya upotevu kwa mtandao wa Jeshi la Polisi na kulipia kwa kontrol namba.

Kuhusu pesa, najua mnaona haya kuuliza. Mnaombwa hela ya soda, ya karatasi, ya mafuta ya pikipiki. Taasisi inaweza kutoza gharama halali za kutoa nakala, na malipo halali ya Serikali yana kontrol namba na stakabadhi. Kwa hiyo jibu mnalo, la kistaarabu kabisa: "Afande, naomba kontrol namba nilipie." Semeni kwa sauti ya kawaida, huku mmeshika kalamu. Ikiwa mtu bado anataka mkononi, TAKUKURU wanapokea simu 113 bila malipo.

Wa Manzese, nitumie picha ya barua yako kabla hujaipeleka. Ficha jina na namba ya simu, RB iache ionekane. Nitaisoma Jumapili jioni.