Kopo Tupu na Uzi Mmoja: Somo kwa Wakimbizi, Wenyeji na Viongozi wa Kasumbalesa



Somo la leo linahusu vyombo vya muziki vinavyotengenezwa kwa takataka. Huenda mtu akauliza: sisi tunatafuta nyumba, chakula na minervali ya watoto, muziki utatusaidia nini? Ni swali la haki, maana muziki haujazi sufuria. Lakini kati ya mgeni na mwenyeji kuna woga, na woga huo hauondoki kwa magunia ya unga peke yake. Mara nyingine unaongezeka siku ile ile ya kugawa unga. Ndiyo sababu tunahitaji kazi ambayo pande mbili zinaifanya pamoja.

Kusudi la somo

Mwisho wa somo hili, kila kikundi kiweze:
- kueleza kisa cha wanamuziki wa Kinshasa waliotumia vitu vilivyotupwa;
- kutengeneza chombo kimoja bila hatari;
- kuandika makubaliano ya kikundi kabla ya kuanza kupiga.

1. Hali yetu

Haut-Katanga na Tanganyika zinajua maana ya kukimbia. Vita vya Mai-Mai na ugomvi kati ya Waluba na Watwa vimefukuza familia nyingi, na sehemu ya Manono, Mitwaba na Pweto ilifikia kuitwa pembetatu ya kifo. Wengine walivuka kuingia Zambia, wengine walishuka Lubumbashi, na wengine wakafuata barabara hadi hapa mpakani, kwa sababu penye malori pana kazi ya kubeba mizigo.

Anayefika hana kitu. Mwenyeji naye anamwona kama mtu mwingine wa kugombea mzigo ule ule. Kijana wa wakimbizi akikaa bure kando ya barabara, anaitwa mwizi kabla hajaiba.

Tukumbuke pia yaliyotokea kati ya 1992 na 1993. Watu wengi wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa Katanga, walifukuzwa katika miji kama Likasi na Kolwezi. Wengi walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Kabla ya mawe yalitangulia maneno: majirani waliitwa wadudu. Kwa hiyo sauti za watu mbele ya umati si jambo dogo. Zinaweza kufukuza, na zinaweza kupokea.

2. Kijana aliyepokelewa

Huko Kinshasa kulikuwa na kundi la wanamuziki walemavu, wengi wao waliougua polio utotoni. Walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizozitengenezesha wenyewe, na walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya mji. Walijiita Staff Benda Bilili. Kwa Kilingala, jina hilo linatuambia tutazame zaidi ya sura ya nje.

Mkubwa wao, Ricky Likabu, alimkaribisha kijana wa mitaani aitwaye Roger Landu. Roger alikuwa na chombo alichokibuni mwenyewe, satonge: kopo tupu, kijiti kilichopinda na uzi mmoja wa chuma. Akikaza au kulegeza kijiti, sauti inapanda au inashuka.

Tuangalie vizuri jambo hili. Kopo alikuwa nalo tayari kabla ya kukutana na wazee hao, na watu walipita mbele yake. Kilichobadilisha maisha yake ni kwamba watu wazima, ambao nao walidharauliwa, walimsikiliza na kumpa nafasi katikati yao. Hawakumwambia aache kopo lake atafute gita.

Njia yao haikuwa rahisi. Filamu iliyotengenezwa juu yao inaonyesha kwamba makao yao yaliungua moto. Hata hivyo waliendelea. Mwaka 2006 waliimba kuhimiza watu kwenda kupiga kura, na wimbo wao mwingine uliwaambia wazazi wachanje watoto dhidi ya polio. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, iliyorekodiwa palepale katika bustani ya wanyama, ilitoka mwaka 2009. Mwaka 2010 filamu ile ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, na satonge ikasikika kwenye majukwaa ya Ulaya.

3. Chombo cha kijijini katika kelele za mji

Hawakuwa peke yao. Mzee Mawangu Mingiedi alitoka sehemu za mpaka wa Kongo na Angola na kuhamia Kinshasa pamoja na likembe yake. Likembe ina sauti ndogo, na kelele za mji zilikuwa zinaimeza. Basi, akatumia sumaku za vipuri vya magari chakavu kutengeneza mikrofoni, na kundi lake, Konono N°1, likapiga kwa vipaza sauti vya zamani. Albamu ya Congotronics, iliyotoka mwaka 2004, iliwajulisha duniani. Mzee huyo alifariki mwaka 2015.

Familia nyingi zilizohama zinafikiri kwamba ngoma za nyumbani hazina nafasi mjini. Mzee Mingiedi hakuacha muziki wa kwao. Aliutafutia njia ya kusikika.

Nasi tuna urithi wa namna hiyo jirani. Muziki wa kalindula wa Zambia ulipata jina lake kutokana na chombo cha besi ambacho watu walijitengenezea wenyewe. Mzee wa kwenu akijua kutengeneza banjo ya kopo, mwiteni awe mwalimu.

4. Kilichovunja kundi

Viongozi, someni sehemu hii mara mbili. Staff Benda Bilili walistahimili ulemavu, njaa na moto. Lakini mwaka 2013, wakiwa wamekwisha kupata jina, mgogoro uliingia ndani ya kundi na ziara yao ikafutwa. Coco Ngambali na Theo Nzonza walitoka, wakaanzisha Mbongwana Star.

Umaskini haukuwavunja; walivunjika walipokuwa wamefaulu. Kwetu ni vivyo hivyo. Kikundi cha wakimbizi na wenyeji kinaweza kupendana wakati hakuna fransi hata moja. Siku watakapoalikwa kwenye harusi na kupewa bahasha, hapo ndipo swali litatokea: hii ni ya nani? Kama jibu halikuandikwa mapema, ugomvi mdogo wa bahasha utakuwa ugomvi wa kabila.

5. Kazi ya mikono

Tafuteni kopo tupu la maziwa, kijiti kinachopinda bila kuvunjika, na uzi mwembamba wa chuma, kama ule unaopatikana ndani ya kebo ya breki ya baiskeli.

(a) Toboeni tundu dogo katikati ya kitako cha kopo. Pondeni kingo zenye ncha zisikate mikono.
(b) Pitisheni uzi, na ndani ya kopo ufungeni kwenye msumari mdogo ili usichomoke.
(c) Kazeni kijiti ubavuni mwa kopo, kwa waya au kwa mpira wa tairi.
(d) Pindeni kijiti kidogo, kisha fungeni uzi kwenye ncha yake ya juu.
(e) Pigeni uzi kwa kidole. Mkono mwingine ukisukuma kijiti kuelekea kopo, uzi unalegea na sauti inashuka. Mkiuachia, inapanda.

Uzi unatikisa kitako cha kopo, nacho kinatikisa hewa. Ndiyo maana kopo lenye kutu au lililobonyea halitoi sauti nzuri. Bidoni iliyokatwa juu na kufunikwa kwa mpira wa tairi inakuwa ngoma. Chupa yenye mawe madogo inakuwa kayamba.

Onyo, hasa kwa watoto:
- Msitumie bidoni wala pipa lililobeba asidi au dawa za migodi, hata likioshwa. Barabara yetu inapitisha bidhaa hizo kila siku. Kama hamjui lilibeba nini, liacheni.
- Msikate waya za umeme wala kununua zilizokatwa. Umeme unaua, na kijana atashikwa kama mwizi wa kebo.
- Mtu aliyetoka sehemu za vita asiguse chuma cha risasi au bomu kilichookotwa. Watoto waambiwe waziwazi.

6. Makubaliano kabla ya wimbo wa kwanza

Andikeni karatasi moja, isomwe mbele ya shefu wa kartie na mwakilishi wa wakimbizi:
- Kikundi kiwe na wakimbizi na wenyeji, wavulana na wasichana, na walemavu wasisahauliwe.
- Kila chombo kitengenezwe na watu wawili, mgeni na mwenyeji. Hapo hakuna atakayesema ni cha kwake peke yake.
- Vyombo vilale wapi, na nani ashike ufunguo.
- Pesa ikija, igawanywe namna gani, na nani aandike daftari. Mweka hazina na mwandishi wasitoke upande mmoja.
- Wimbo wowote wenye kutukana kabila, mkoa au chama haupigwi, hata mwenye sherehe akilipa.
- Ugomvi ukitokea, nani ataitwa kwanza kusikiliza.

Maswali ya kujadili

1. Katika kartie yetu, ni nani anayepiga kopo lake peke yake, na sisi tunapita?
2. Wazee wa Benda Bilili walipoteza nini kwa kumpokea Roger? Walipata nini?
3. Ni maneno gani tunayosema juu ya wageni, au wageni wanayosema juu yetu, ambayo watoto wameanza kuyarudia?
4. Kama kikundi chetu kitapewa pesa kesho, je, tunajua leo itagawanywa namna gani?

Kikundi kitakachomaliza maswali haya kilete karatasi ya makubaliano kwenye mkutano unaofuata, pamoja na chombo kimoja kilichotengenezwa na mikono miwili tofauti. Tutaanza kwa kusikiliza chombo hicho, kisha tutasoma karatasi.