Kiti cha Pikapu Kuukuu: Ukishone Mwenyewe au Umpe Fundi?

Pikapu ya Peugeot 404 au Land Rover ya Series III ikitunzwa vyema huishi kuliko kiti chake. Injini huundwa upya na bodi hupigwa rangi, lakini jua la dirishani hukausha reksini hadi ipasuke, sponji husagika ikawa unga wa manjano, na springi hutokeza na kurarua nguo za abiria. Hapo mwenye gari hujiuliza iwapo anunue vifaa akishone mwenyewe, au akipeleke kwa fundi.

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Sisi tunashauri uanze kwa kufungua kiti. Sehemu kubwa ya kazi hujificha chini ya kitambaa, na asiyejua kilichomo hawezi kuipima bei anayotajiwa wala kutambua kama kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wake.

Kiti kirefu cha watu watatu kwa kawaida hushikwa na bolti. Zikiwa na kutu, ziloweshe mafuta ya kulegeza usiku kucha kabla ya kuzilazimisha. Matakia ya kukalia ya Land Rover hutoka kwa mkono tu, ila katika nyingi za aina ya Series tangi la mafuta limo chini ya kiti cha mbele. Usivute sigara hapo, wala usikubali mtu achomelee chuma karibu. Kiti kikishatoka, kigeuze. Kitambaa cha viti vingi vya zamani kimebanwa kwenye fremu kwa vipete vya waya. Kata vichache kwa koleo, inua pembe moja, kisha utazame.

Ukikuta fremu nzima, springi zote mahali pake, na ubovu uko katika sponji na kitambaa pekee, kazi hiyo inamfaa mtu mwenye subira na wikendi mbili. Fremu iliyopasuka, au tundu la bolti lililopanuka kwa kutu, ni jambo jingine. Kiti ndicho kinachomzuia dereva asirushwe gari linapogonga. Kazi ya fremu iachiwe mchomeleaji stadi, hata kama kushona utashona mwenyewe.

Anayeamua kushona asitupe kitambaa kikuukuu, kwa maana ndicho kipimo chake. Andika kwa chaki nambari kwenye kila kipande, na mshale wa kuonyesha upande wa mbele, kabla ya kufumua mshono wowote. Piga picha. Vipande vya kushoto na kulia vikifanana, fumua upande mmoja tu na uuache wa pili ukuonyeshe jinsi mishono inavyofuatana. Reksini nyingi huuzwa kwa upana wa takriban sentimita 140, basi vipange vipande sakafuni kwanza ndipo ujue ununue mita ngapi. Cherehani ya nyumbani hupita tabaka mbili nyembamba kwa sindano nene na uzi wa poliesta. Ikifika penye tabaka nne na utepe wa pembeni, hukwama. Hakuna aibu kukata vipande nyumbani na kumlipa mshonaji mwenye cherehani ya ngozi kwa mishono hiyo peke yake. Kwa kweli, kwa wengi hiyo ndiyo njia yenye busara zaidi. Siku ya kuvika, anika kitambaa juani kilainike, na uanze kubana katikati ukielekea pembeni. Anayeanzia pembe moja hupata mikunjo isiyotoka.

Sponji ndiyo inayowaponza wanunuzi. Muuzaji huibonyeza mbele yako na kusema ni nzito, ilhali ugumu na uzito ni mambo mawili tofauti. Sponji ngumu yenye uzito mdogo hubonyea mapema. Uzito hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo, nawe unaweza kuuhakiki kwa mizani ya dukani: kipande cha urefu wa mita 1, upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 10, kikiuzwa kuwa cha kilo 30, lazima kiwe na kilo 1 na nusu. Kikiwa na kilo 1, umeuziwa cha kilo 20.

Kipimo hicho kikufuate pia katika karakana ya jua kali, maana kiti kikishafunikwa hakuna ajuaye kilichowekwa ndani. Wako mafundi hodari ambao kazi yao hudumu miaka. Wako pia wanaotupa springi na kujaza sponji tupu, au kuvika reksini mpya juu ya sponji iliyooza. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba utakuja kutazama kabla hajafunika, na usimalize kulipa kabla ya siku hiyo. Peleka kiti bila gari, ukipige picha mbele yake, na udai springi au sehemu yoyote itakayotolewa.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: aina ya reksini, uzito na unene wa sponji, hali ya springi, siku ya kumaliza, arubuni iliyolipwa na baki. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inakupa haki ya huduma zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamzuia mtengenezaji kuzidisha makadirio aliyokupa kwa zaidi ya asilimia 10. Aliyekadiria shilingi 20,000 hawezi kukudai zaidi ya 22,000 kwa kazi ile ile. Akigundua springi zimevunjika, akuulize kwanza, nanyi mkubaliane upya kwa maandishi.

Mzozo ukitokea, mrudie fundi na karatasi hiyo pamoja na picha zako. Asiposikia, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huhitaji wakili kufika mbele yake. Usikitupe kiti wala usikipeleke kwa fundi wa pili kabla ya kukipiga picha kikiwa wazi: sponji iliyomo ndani ndiyo ushahidi wako.