Stelingi Inayocheza: Tafuta Chanzo Kabla ya Kukaza



Lori kuukuu ni mali. Hapa Dabaso ndilo linalobeba mawe kutoka timboni, mchanga, nazi, na maembe yakifika msimu wake. Lakini lori ambalo dereva anazungusha usukani huku na huku kama mtu anayekoroga uji, na bado linakwenda litakako, hilo ni hatari. Barabara ya Gede hadi Watamu ina watoto wa shule, baiskeli, bodaboda na akina mama wenye mizigo kichwani. Lori likiyumba futi mbili tu, limeshamfikia mtu.

Somo letu ni kutafuta mchezo wa stelingi unatoka wapi, na kuurekebisha kwa utaratibu. Tunazungumzia lori la kawaida lenye ekseli moja nzima ya mbele, inayokaa juu ya springi za majani.

1. Stelingi ni kama mnyororo

Usukani huzungusha shafti, shafti huzungusha boksi ya stelingi, boksi husukuma mkono wake, mkono husukuma dragilinki, nayo huvuta gurudumu moja. Kisha tairodi, kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, hupeleka mwendo upande wa pili. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, yote hujumlika pale mkononi mwa dereva.

Wengi hukimbilia skrubu ya boksi. Wanaikaza, usukani unakuwa mgumu, basi wanasema lori limepona. Halijapona. Kama ugonjwa uko kwenye tairodi endi, bado uko pale pale. Na boksi iliyokazwa kupita kiasi huchakaa upesi, tena usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Skrubu ya boksi iwe ya mwisho.

2. Anza na yasiyo na gharama

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla lori halijatembea. Tairi za mbele ziwe na upepo sawa, aina moja na ukubwa mmoja. Tazama zilivyolika: zikilika upande mmoja, au ukipapasa na kuhisi makali kama meno ya msumeno, kuna jambo.

Tazama na mzigo. Mawe yakirundikwa nyuma kabisa ya bodi, mbele huwa kwepesi na tairi hazishiki barabara vizuri. Hata lori jipya litayumba hivyo.

3. Kipimo cha watu wawili

Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele, breki ya mkono imevutwa na vigingi vimewekwa. Stelingi ya kawaida ipimwe injini ikiwa imezimwa. Yenye pampu ipimwe injini ikinguruma polepole, gia ikiwa huru.

Mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, asiendelee mara uzito unapoanza. Mwingine alale chini na kufuata mnyororo kuanzia juu, bila kutia vidole penye viungo. Swali ni moja: mwendo unapotelea wapi? Boksi ikitikisika kwenye chesisi, bolti zake zimelegea au chesisi imepasuka. Mkono ukienda na dragilinki ikachelewa, kiungo hicho kimekwisha. Gurudumu moja likienda na la pili likachelewa, tazama tairodi endi.

Pima pia mchezo kwa rula kwenye ukingo wa usukani. Kanuni za malori za Marekani, kwa usukani wa upana wa sentimita 51 hivi usio na pampu, zinaweka mwisho kuwa milimita 64. Huo ndio mwisho wa kuvumilia, msingoje mpaka hapo.

4. Inua mbele

Inua ekseli kwa jeki, kisha weka stendi ya chuma au magogo imara. Msitumie jiwe la tumbawe la kujengea, hupasuka ghafla. Na asiingie mtu chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingi pini na bushi zake. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa hapa mara nyingi ni wa tairodi endi.

5. Msisahau springi

Yubolti zikilegea, au bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli husogea na lori huenda upande. Tazama kutu iliyosagika kama unga mwekundu. Ni dalili kuwa chuma kinacheza hapo. Yubolti hukazwa lori likiwa limekanyaga chini, si likiwa jekini.

6. Kurekebisha

Tairodi endi iliyochakaa hubadilishwa. Haichomelewi wala kugongwagongwa. Nati yake ikikazwa na tundu la pini halijalingana, endelea kukaza mpaka tundu linalofuata, usirudishe nyuma. Tia pini mpya, si msumari.

Bushi mpya za kingi pini huchongwa zilingane na pini, kwa hiyo apewe fundi mwenye vifaa. Baadaye zitieni grisi ekseli ikiwa imeinuliwa, mpaka ya zamani itoke. Huku kwetu chumvi ya bahari na mchanga hula viungo, kwa hiyo grisi isicheleweshwe.

Sasa pima alaimenti. Zungusha kila tairi la mbele jekini ukichora mstari mwembamba katikati yake. Shusha lori, lisukume mbele hatua chache. Pima kati ya mistari miwili kwa mbele, kwa kimo cha ekseli. Kisha nyuma ya tairi, kimo kile kile. Malori mengi hutaka mbele kuwe kwembamba kuliko nyuma kwa milimita chache. Kitabu cha gari ndicho kitakachosema ngapi. Mbele kukiwa kupana zaidi, lori hutangatanga. Legeza klipu, zungusha bomba la tairodi, kaza tena.

Mchezo ukibaki ndani ya boksi, hapo ndipo skrubu yake iguswe, dragilinki ikiwa imefunguliwa na magurudumu yametazama mbele. Kaza kidogo kidogo, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukikwama popote, rudisha. Boksi hiyo imelika ndani na inataka kufunguliwa.

Jaribuni lori tupu kwanza, polepole, mahali pasipo watu. Kesho yake kagueni nati zote tena.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini skrubu ya boksi iguswe mwisho?
2. Tairi linacheza, na breki ikikanyagwa bado linacheza. Kilichochakaa ni nini?
3. Dereva wetu akisema stelingi inacheza, nani ana amri ya kulisimamisha lori, hata kama mteja anangoja mawe? Andikeni jibu lenu katika kitabu cha kikundi.