Anza na Mkate: Mwongozo wa Kula Kihindi London

Mgeni kutoka Afrika Mashariki akiuliza London wapi atapata chakula cha Kihindi, mara nyingi huelekezwa Brick Lane, ambako mikahawa imepangana mlango kwa mlango na menyu zake zinafanana. Mwongozo huu unashauri njia nyingine: amua kwanza mkate unaotaka, kisha mtaa, na mchuzi uje mwisho. Sababu yenyewe iko jikoni. Mikahawa mingi ya aina ile, ambayo wengi wa waanzilishi wake wana asili ya Sylhet nchini Bangladesh, huandaa mapema sufuria kubwa ya mchuzi wa vitunguu, na mteja anapoagiza, mchuzi huohuo ndio unaogeuzwa korma, madras au vindaloo. Ni ufundi wa kuheshimika, na umelisha Waingereza kwa miongo mingi, lakini hauonyeshi nyumbani kwa mpishi wanakula nini. Sylhet kwenyewe ni nchi ya wali na samaki. Mchuzi unaweza kusubiri ukapashwa moto. Mkate ukisubiri umeharibika: unataka unga wake, moto wake na mkono ulioukulia, kwa hiyo ndio unaokwambia jiko hili ni la watu gani.

Tuanze na ngano, maana Punjab ni nchi ya ngano, na Punjab ya London ni Southall. Treni za njia ya Elizabeth zinazotoka uwanja wa ndege wa Heathrow hupita hapo, kwa hiyo hata msafiri mwenye saa chache anaweza kushuka akala. Roti ya tanuri, ya unga wa atta, huliwa na dengu nyeusi zilizochemka muda mrefu au nyama ya karai. Bhatura, ya unga mweupe ulioumuliwa, huingia kwenye mafuta ikafura, na mwenzake ni dengu za rangi ya kahawia zenye ukali wa ndimu na bizari. Anayetoka kwenye nchi ya ugali asikose makki di roti, mkate wa unga wa mahindi unaoliwa na mboga ya majani ya haradali na siagi. Ni chakula cha majira ya baridi, basi uuliziwe miezi hiyo. Southall pia ndiko ilikohamia familia ya Anand, iliyokuwa na hoteli ya Brilliant jijini Nairobi. Mkahawa wao wa Brilliant ulifunguliwa mwaka 1975, na jamaa zao wakafungua Madhu's mwaka 1980. Menyu ya Madhu's ina machuzi kuku, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa.

Wembley ni habari nyingine kabisa. Shuka Alperton, ufuate Ealing Road, na utakuwa kati ya Wagujarati, wengi wao wakiwa familia zilizotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda baada ya amri ya Idi Amin ya Agosti 1972. Hapa tanuri si muhimu. Rotli ni nyembamba, huivishwa kwenye chuma, ikafurishwa juu ya moto na kupakwa samli. Ulaini wake ni wa kuchotea mboga kavu kwa ncha za vidole. Ukiiagiza usitarajie chapati ya kwetu yenye tabaka, maana hiyo ni ndugu wa parata. Kilicho bora zaidi, kwa maoni yangu, ni rotlo: mkate mnene wa unga wa uwele, nafaka ya maeneo makavu ya Gujarat, Kutch na Saurashtra, unaoliwa na biringanya ya kuchoma, kitunguu saumu kilichopondwa na kipande cha sukari guru. Thepla, yenye majani ya uwatu, hudumu siku kadhaa, hivyo ifunge kwa safari. Na katika mikahawa hiyohiyo utakuta muhogo wa kukaanga ukiitwa mogo, ushahidi kwamba waliohama hawakubeba vya Gujarat peke yake.

Kusini mwa jiji, Tooting, na mashariki, East Ham, wenye majiko ni watu wa Tamil Nadu, Kerala na Sri Lanka. Mchele na choroko nyeusi husagwa na kuachwa vichachuke, kisha huwa dosa inayochovywa kwenye mchuzi mwepesi wa sambar na chatini ya nazi. Appam ya mchele na tui ni jamaa wa karibu wa vibibi vya Zanzibar, ila katikati yake huweza kupasuliwa yai. Usiku utasikia kothu roti inavyokatwakatwa kwa vyuma viwili, parota ikichanganywa na nyama na mayai.

Mtu anaweza kupinga kwamba mitaa haikupangwa hivyo, na ni kweli. Tooting ina majiko ya Lahore jirani na ya Kitamil, na mwendo mfupi tu kutoka Brick Lane, mtaa wa Fieldgate, Tayyabs imekuwa ikitoa roti na karai za Punjab ya Pakistani tangu 1972. Lakini hoja hiyo inautilia nguvu mkate: jina la mtaa linaweza kukupoteza, roti ya tanuri haikupotezi. Wengine watasema naan inatosha kwa kila kitu. Inatosha kwa nihari, muundi wa ng'ombe uliopikwa usiku kucha, kwa sababu unene wake unabeba mchuzi mzito. Ukiichovya kwenye sambar inalowa na kulemea, na rotli nayo ingechanika ndani ya nihari.

Nauli hulipwa kwa kadi ya benki ya kugusa, na basi ni rahisi kuliko treni. Mwislamu aulize kuhusu halali Southall, kwani si kila jiko la Kisingasinga linachinja hivyo. Majiko mengi ya Kigujarati ya Wembley hayapiki nyama. Mwenye fedha kidogo aende hekalu la Kisingasinga la Sri Guru Singh Sabha, Havelock Road, Southall, lililofunguliwa 2003: roti, dengu na mboga hutolewa bure kwa kila mtu, bila nyama. Vua viatu, funika kichwa, kaa na wenzako, na omba kiasi utakachokimaliza.