Faili za Flashi Zikigeuka Njia za Mkato

Mkazi akitoka saiba na kukuta faili za flashi zimekuwa njia za mkato zenye mshale mdogo, asiifomati wala kuzibofya. Kwa kawaida kirusi huwa kimezificha tu faili zake.

1. Akate intaneti.
2. Katika Task Manager, asimamishe wscript.exe ikiwa inaendelea. Katika Startup, azime programu asiyoitambua.
3. Afungue Command Prompt. Ikiwa flashi ni E, aandike:
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
kisha abonyeze Enter.
4. Faili zikirudi, afute njia za mkato na faili ngeni za .vbs.
5. Akague kompyuta nzima na flashi kwa Windows Security, la sivyo kirusi kitarejea.